Meno Marefu, Mpira wa Theluji: Kuchagua Matairi na Rimu za Bei Nafuu Uganda

Pita Kisekka au Ndeeba, kwenye maduka ya matairi ya mtumba ya Kampala, utayakuta yamepangwa hadi darini: matairi kutoka Japani, meno marefu, yamepakwa dawa yakang'aa, na bei iko chini sana ya bei ya jipya. Muuzaji atakuhakikishia kwamba hayajatembea sana, na mara nyingi anasema kweli. Asichokuambia, pengine kwa kuwa naye hakijui, ni kwamba baadhi ya yale yanayovutia zaidi yalitengenezwa kwa ajili ya barafu ya Hokkaido, na wewe unataka kuyapeleka kwenye lami ya Masaka inayokatiza ikweta pale Kayabwe.

Mwenye bajeti ndogo ndiye anayeumia hapa, kwa sababu huchagua kwa kile ambacho jicho linaona haraka, yaani urefu wa meno. Urefu wa meno ni jambo moja tu kati ya mambo matano au sita, na kwa tairi la theluji ndilo linalodanganya kuliko yote.

Meno hayo yalibakije marefu?

Katika mikoa ya Japani yenye theluji, mwenye gari huwa na seti mbili za matairi, na mara nyingi kila seti ina rimu zake. Seti ya baridi hufungwa karibu na Desemba na kufunguliwa Machi au Aprili. Tairi la miaka sita linaweza kuwa limekaa barabarani miaka miwili tu kwa jumla. Muda uliobaki lilikuwa stoo, linazeeka bila kutembea.

Kuna jambo la pili. Tairi la theluji huhesabiwa kuwa limekwisha kwa kazi ya theluji linapofikia nusu ya meno yake. Ukichungulia kwenye mifereji utaona vibonge vya mpira vilivyoinuka hadi nusu ya kina. Meno yakishuka hadi usawa wa vibonge hivyo, Mjapani halitumii tena kwenye barafu. Likiwa jipya lina milimita 8 hadi 10, kwa hiyo linapotolewa bado lina 4 au 5. Kule limestaafu, huku linauzwa kama tairi lenye nusu ya maisha mbele yake.

Sasa mpira wenyewe. Tairi la kawaida huanza kuwa gumu hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi za selsiasi, ndiyo maana nchi za baridi zinahitaji tairi jingine. Mpira wa tairi la theluji huchanganywa uendelee kuwa laini kwenye baridi hiyo, na kila jino hukatwa mikato myembamba mingi, mara nyingi ya zigizaga, ili kingo zake ziume barafu. Mchanganyiko huo ukiuweka kwenye mchana wa Kampala wa nyuzi 27 au 28, juu ya lami iliyopigwa na jua ambayo yenyewe hupita nyuzi 40, unalainika kupita kiasi. Meno yanayumba, usukani unachelewa kuitika, na umbali wa kusimama unaongezeka, kwenye lami kavu na hata kwenye lami yenye maji. Meno yanayoyumba huzalisha joto, na joto hula mpira. Kwenye moramu yenye mawe makali, ile mikato myembamba inakuwa mahali pa kuanzia kuchanika, na vipande vya mpira vinang'oka kimoja kimoja.

Hata Kabale, ambako usiku hushuka hadi karibu nyuzi 10, hakufiki kwenye baridi ambayo tairi hili lilitengenezewa. Theluji pekee ya Uganda iko juu ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109, na huko hakuna gari linalofika.

Namna ya kulitambua

Anza na ubavu wa tairi. Matairi mengi ya Kijapani ya aina hii yameandikwa wazi STUDLESS. Majina ya kawaida ni Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama, Winter Maxx ya Dunlop na X-Ice ya Michelin. Ni matairi bora kabisa mahali pake, na jina kubwa la kampuni ndilo linalowaponza wanunuzi: wanasoma Bridgestone, hawasomi Blizzak.

Kisha tazama herufi ya mwisho baada ya saizi. Tairi la 195/65R15 la kawaida litaandikwa 91H au 91S, au herufi nyingine. La theluji la Kijapani mara nyingi ni 91Q. Herufi ni kiwango cha mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Hakuna anayehitaji 210 kwenye barabara ya Gulu, lakini Q kwenye tairi la saluni ni dalili kubwa kwamba umeshika tairi la theluji. Malizia kwa kidole: bonyeza jino, lipinde kidogo, uone kama limejaa mikato myembamba inayofunguka.

Alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake inasaidia, ila isome kwa uangalifu. Matairi mengi ya Kijapani ya theluji hayana alama hiyo, na kwa upande mwingine yapo matairi ya kila ardhi ya magari ya juu, yale ya A/T, yanayoibeba ilhali mpira wake ni mgumu na unafaa kwetu. Alama ya M+S peke yake haisemi chochote kuhusu mpira laini. Inahusu umbo la meno kwa matope na theluji, na iko kwenye matairi mengi mazuri ya Prado na Hilux. Usikatae tairi kwa sababu ya M+S. Likatae kwa sababu ya STUDLESS, na kwa mikato iliyojaa kila jino.

Kama gari lako limeshuka meli likiwa na matairi ya theluji, si lazima uyatupe siku hiyohiyo. Ila yawe yote manne, endesha polepole mvua ikinyesha, na anza kuweka akiba ya mengine. Hatari kubwa ni kuchanganya: mawili ya theluji na mawili ya kawaida. Ekseli moja inashika na nyingine inateleza, na kwenye kona yenye maji gari linageuka nyuma mbele.

Hesabu ya bei ambayo watu hawaifanyi

Bei ya tairi haina maana mpaka uigawe kwa mpira unaoununua. Tairi hufika mwisho kabisa likibaki na milimita 1.6, ndicho kimo cha vile viinuko vidogo vilivyo chini ya mifereji. Kwa hiyo unachonunua ni milimita zilizo juu ya hapo.

Tuseme jipya la bei ya chini la 195/65R15 unauziwa shilingi 280,000 na lina milimita 8. Mpira wa kutumia ni 6.4, yaani shilingi 43,750 kwa kila milimita. Tuseme la mtumba ni 130,000 na lina milimita 4.5. Mpira wa kutumia ni 2.9, yaani karibu shilingi 44,800 kwa milimita. Tayari mtumba umepita jipya, na bado hujalipia kufunga na kubalansi mara mbili.

Mimi hesabu hiyo naifanya kwa ukali zaidi. Chini ya milimita 3 tairi linapoteza sana uwezo wa kusukuma maji, na sisi tuna mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba kusini mwa nchi. Kaskazini msimu ni mmoja mrefu. Ukiweka mwisho wako kwenye milimita 3, jipya lina milimita 5 za matumizi, shilingi 56,000 kila moja. La mtumba lina milimita 1.5, karibu shilingi 86,700 kila moja. Weka bei halisi ulizopewa sokoni mahali pa hizi zangu za mfano, ila chukua kipimo cha kina cha meno uende nacho. Kama huna, njiti ya kiberiti na rula vinatosha: simamisha njiti ndani ya mfereji, weka alama kwa ukucha, pima. Pima katikati na pande zote mbili, kwa sababu tairi lililoliwa upande mmoja thamani yake ni ya upande ulioliwa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa saluni ya kawaida ni jipya la bei ya chini kutoka China au India, la saizi sahihi, lililotengenezwa karibuni, kabla ya mtumba wa jina kubwa. Mtumba una nafasi yake: spea, gari unalokaribia kuliuza, au seti safi kabisa ya miaka miwili au mitatu ambayo hesabu ya milimita inaikubali.

Ukiamua mtumba

Tafuta tarakimu nne za tarehe ubavuni, mara nyingi ndani ya umbo la yai. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya 2000; mrudishie mwenyewe. Tarehe mara nyingi iko upande mmoja pekee, kwa hiyo zungusha tairi pande zote kabla ya kusema haina. Kwa mtumba mimi sivuki miaka mitano tangu litengenezwe. Watengenezaji wengi huruhusu hadi kumi kwa uangalizi wa kila mwaka, lakini hilo ni tairi ambalo historia yake unaijua. Hili hujui lilikaa kwenye jua la nani.

Dawa ya kung'arisha huficha nyufa. Futa ubavu kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha upinde kwa mikono miwili. Nyufa nyembamba karibu na pale tairi linapokutana na rimu, au chini ya mifereji, ni mpira uliokauka. Kivimbe ubavuni, hata kidogo kama nusu ya limau, maana yake nyuzi za ndani zimekatika kwa shimo au ukingo wa barabara, hilo halitengenezeki.

Tazama ndani ya tairi, na hapa usiwe na haraka. Mstari mweusi unaozunguka ubavu wote kwa ndani, au unga wa mpira uliojikusanya, unaonyesha tairi liliwahi kutembezwa bila upepo. Kwa nje litaonekana zima. Siku ya joto na mzigo, ubavu huo utapasuka. Kiraka cha ndani kilichobandikwa vizuri katikati ya uso wa tairi kinakubalika. Kiraka kwenye bega au ubavuni hakikubaliki.

Kuna pia matairi ya vipara yaliyochongwa upya mifereji kwa kisu cha moto. Yatambue kwa vile viinuko vya milimita 1.6: mfereji wa kiwandani unavyo katika sehemu kadhaa kuzunguka tairi, na pembeni mwa ubavu kuna pembetatu ndogo au herufi TWI inayoonyesha mahali vilipo. Ukifuata alama hiyo ukakuta kiinuko kimekatwa au hakipo, mfereji umechongwa. Mpira uliobaki juu ya waya ni mwembamba mno. Kwa malori yapo matairi yaliyotengenezwa ili yachongwe, nayo yameandikwa hivyo. La saluni halichongwi.

Saizi: hapa ndipo pesa halisi inaokolewa

Wenye magari katika nchi za baridi wana ujanja mmoja ambao unatufaa zaidi kuliko matairi yao. Wanaponunua seti ya pili hushuka rimu kwa inchi moja au mbili, wanachukua rimu ya chuma na tairi jembamba zaidi lenye ubavu mrefu. Tairi la rimu ndogo ni rahisi kununua, na ubavu mrefu unameza shimo ambalo tairi la ubavu mfupi lingelipitishia rimu. Kwa mashimo ya Kampala na moramu ya vijijini, ujanja huo ni wetu pia. Tena tairi jembamba hukata tope jepesi na kufika kwenye udongo mgumu, wakati pana huelea juu yake.

Sharti ni kwamba kipenyo cha nje kisibadilike zaidi ya asilimia 3. Hesabu yake: zidisha upana (195 kwenye 195/65R15) kwa asilimia ya ubavu (65), zidisha kwa 2, kisha jumlisha inchi za rimu (15) mara 25.4. Kwa 195/65R15 ni 126.75 mara 2, ambayo ni 253.5, jumlisha 381, unapata milimita 634.5. Harrier ya 235/55R18 ina 715.7, ukiishusha kwenye 225/65R17 unapata 724.3, tofauti ya asilimia 1.2, na zote mbili ni saizi ambazo gari hilo lilitoka nazo kiwandani. Prado ya 265/60R18 ina 775.2, na 265/65R17 ina 776.3. Hiyo ni karibu sawa kabisa, na tairi la 17 lina sentimita 1.3 zaidi za ubavu.

Kabla ya kununua rimu ndogo, hakikisha inapita juu ya kalipa ya breki. Pachika rimu tupu kwenye habu, yaani kitovu kinachoshika gurudumu, kaza nati mbili kwa mkono, izungushe. Ikigusa au ikiacha nafasi isiyoingiza sarafu, usinunue. Breki za mbele ndizo kubwa, kwa hiyo jaribu mbele.

Namba ya uzito, ile iliyo kabla ya herufi ya mwendo, usiishushe. 91 ni kilo 615 kwa tairi, 88 ni 560, 94 ni 670. Chukua ile iliyo kwenye tairi la kiwandani au ya juu yake. Kosa baya kuliko yote liko kwenye Hiace za teksi na za mizigo: gari linalotaka 195/80R15 107/105 ya ubavu mgumu, yaani kilo 975 kwa tairi likiwa moja moja, linavishwa tairi la saluni lenye 94 kwa kuwa linaingia kwenye rimu. Linaingia, ndiyo. Likijaa abiria kumi na wanne na mizigo juu, tairi hilo linabeba zaidi ya lilivyoundwa kubeba, na joto la ndani linamaliza kazi. Kwa Hiace tafuta herufi C au LT kwenye saizi, alama ya tairi la gari la mizigo, na 8PR au zaidi, ambayo ni kipimo cha uimara wa nyuzi za ndani.

Rimu: namba nne na uzi wa nati

Namba ya kwanza ni mduara wa matundu ya bolti: idadi ya matundu, na kipenyo cha mduara unaopita katikati yake. Vitz na Fielder nyingi ni matundu 4 kwa milimita 100. Premio, Allion na Forester za hadi 2018 ni 5 kwa 100. Harrier, RAV4, Noah, Ipsum na X-Trail ni 5 kwa 114.3. Prado, Hilux na Hiace mpya ni 6 kwa 139.7, na Land Cruiser 100 na 200 ni 5 kwa 150. Kwa matundu 4 au 6 pima kutoka katikati ya tundu hadi la mkabala wake. Kwa matundu 5 hakuna la mkabala, kwa hiyo pima kati ya matundu mawili yanayofuatana na uzidishe kwa 1.701. Ukipata 58.8, rimu ni ya 100. Ukipata 67.2, ni ya 114.3. Ukipata 65.8, umeshika rimu ya 112 ya magari ya Kijerumani, na tofauti hiyo ya milimita 1.4 ndiyo mafundi wengine huilazimisha kwa spana ndefu. Nati zitakaza, bolti zitakuwa zimepinda, na siku moja zitakatika.

Namba ya pili ni tundu la katikati, na watu wengi hawaiulizi. Magari madogo ya Toyota yana habu ya 54.1, makubwa kidogo yenye 5 kwa 114.3 yana 60.1, Subaru 56.1, na kwa zenye 5 kwa 114.3, Honda 64.1 na Nissan 66.1. Rimu ya Premio haiingii Forester ingawa matundu ni yaleyale. Rimu ya Forester inaingia Premio, lakini inabaki na nafasi ya milimita 2, na rimu ya X-Trail kwenye Harrier inabaki na 6. Gari litatetemeka ukifika kilomita 80 au 90 kwa saa, utabalansi mara tatu bila kupona. Dawa ni pete ya katikati ya kipimo hicho, na bei yake ni ndogo.

Namba ya tatu na ya nne ni upana kwa inchi na ET, zimepigwa nyuma ya rimu, mfano 6J na 45. ET ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Zisome pamoja. Ukitoka 6J ET45 kwenda 7J ET35, ukingo wa nje unatoka milimita 22.7 zaidi na wa ndani unaingia 2.7. Hizo 22.7 zinatosha kukwaruza bodi ukijaza watu, na zinaongeza mzigo kwenye beringi za magurudumu. Kwa 195/65R15, rimu ya 5.5J hadi 7J inakubalika. Ya 6J ndiyo bora.

Nati za Toyota na Honda nyingi ni M12 yenye hatua 1.5, yaani bolti ya unene wa milimita 12 ambayo nyuzi zake zimeachana milimita 1.5. Za Subaru na Nissan nyingi ni M12 yenye hatua 1.25. Zinafanana kwa macho, na ukizikaza kwa nguvu unaharibu uzi wa bolti. Tazama pia uso wa nati: rimu nyingi za chuma hutaka nati ya koni, baadhi ya rimu za Toyota za aloi hutaka nati yenye shingo na washa bapa, na za Honda za kiwandani hutaka ya mviringo. Ukibadilisha rimu kutoka aloi kwenda chuma, nunua na nati zake.

Chuma au aloi? Kwa bajeti ndogo na barabara mbaya, chuma. Chuma kikipinda hunyooshwa kwa nyundo na mashine, aloi hupasuka. Aloi ya mtumba ipeleke kwenye mashine ya kubalansi kabla ya kulipa, uitazame ukingo wake ikizunguka. Kisha igeuze: nyufa huanza kwa ndani, nyuma ya mikono ya rimu, yaani spoki. Rangi mpya sehemu moja tu inaficha kulehemu. Aloi iliyolehemiwa ukingoni siiamini. Iliyolehemiwa kwenye mkono siifungi kwenye gari la mtu.

Meno ya kufaa njia yako

Kwa lami nyingi na moramu kidogo, chukua tairi la kawaida lenye mifereji mitatu au minne mipana inayozunguka. Ukienda mara kwa mara njia za milimani za Kisoro au Kapchorwa, au Karamoja wakati wa mvua, A/T inalipa gharama yake kwa gari la juu. M/T, yale ya meno makubwa yaliyoachana, waachie wanaoishi kwenye tope: kwenye lami yenye maji hayashiki vizuri, yanapiga kelele, na yanakwisha haraka.

Subaru na magari mengine yanayovuta magurudumu yote muda wote yana sheria yake. Subaru inataka mizingo ya matairi isitofautiane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6.4. Milimita moja ya meno huleta tofauti ya 6.28. Kwa hiyo tairi jipya moja kati ya matatu yaliyochakaa linatosha kuipa gia ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, joto la kudumu. Nunua manne pamoja, au mawili tu kama yaliyobaki bado yako ndani ya milimita moja.

Kwa gari la kawaida, ukiweza kununua mawili tu, yafunge nyuma, hata kama gari linavuta mbele. Mbele ikiteleza unaisikia kwenye usukani na unaweza kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza hupati onyo.

Siku ya kufunga

Dai valvu mpya. Ni shilingi kidogo na ya zamani ndiyo inayovuja baada ya mwezi. Tairi lenye neno ROTATION lifuate mshale, lenye OUTSIDE liangalie nje. Safisha uso wa habu na wa rimu kwa brashi ya waya, maana kutu kidogo inatosha kulegeza nati baadaye. Usipake mafuta kwenye uzi.

Kaza nati kwa kuruka hadi ya mkabala, si kwa kuzifuata kwa mzunguko. Toyota nyingi ndogo hutaka nyutoni mita 103. Kama huna spana ya kupima, mkono wa spana wenye sentimita 40 unahitaji msukumo wa kilo 26 hivi mwishoni. Fundi wa kilo 70 anayepanda juu ya spana hiyo kwa mguu anaweka karibu 275, zaidi ya mara mbili na nusu, na bolti iliyovutwa hivyo ndiyo inayokatika njiani. Mwombe ashuke.

Upepo fuata bamba la kwenye mlango wa dereva, si namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo. Saluni nyingi ziko kati ya kPa 220 na 240, yaani psi 32 hadi 35. Pima asubuhi kabla ya kutembea, na uwe na kipimo chako, kwa kuwa vya vituo vya mafuta hutofautiana. Ukikwama kwenye tope unaweza kushuka hadi psi 20 na kutembea chini ya kilomita 30 kwa saa, mradi ujaze tena kabla ya kurudi barabarani.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kukaza nati, hasa kama rimu ni za mtumba. Siku hiyohiyo toa spea chini ya gari uijaribu: kama umebadilisha rimu kutoka aloi kwenda chuma au kinyume chake, huenda nati ulizonazo sasa hazikai kwenye rimu ya spea, na hilo ni bora ulijue ukiwa gereji kuliko usiku njiani Karuma.